Baba, Usimkalishe Tena Holo Kiwanjani

Gaborone,
Jumapili, mwezi wa saba.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama barua hii unaifungua asubuhi, basi mwangaluka. Kama ni jioni na ng'ombe wamesharudi, mwadila. Naamini wewe na Mama mmeamka salama, na kikohozi cha Mama kimepungua, maana baridi ya Sumbawanga ya mwezi huu naijua, inapenya hata blanketi mbili. Miguu yako je? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea bado ipo, au umeshawagawia wacheza ngoma wote wa Mollo? Mimi mwili ni mzima. Nafanya kazi, nakula, nalala. Hilo la kulala lina habari yake, nitalifikia.

Baba, wewe ulisoma kisomo cha watu wazima na unajua kusoma vizuri tu, ila unapenda kusomewa barua zangu mbele za watu ili wasikie zimetoka wapi. Hii isome mwenyewe. Kaa peke yako. Nimekasirika, na naona ni heshima zaidi kukwambia hivyo kuliko kukuzungusha. Tangu Jumanne nilipopokea barua mbili siku moja, yako na ya Mama Skola wa Kizwite, hasira haijashuka. Jumatano nilikuandikia barua nikaichana kwa sababu maneno yake mtoto hamwambii baba yake. Hii nimeichuja, lakini usitegemee itakuwa tamu.

Nianze na ya kwako. Umeandika, "Mdogo wako Holo amechezewa." Kwamba kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne amerudisha karatasi tupu masomo matatu. Kwamba Mama Skola, ambaye wewe mwenyewe ulimpelekea Holo akae kwake siku za shule, ana binti darasa lile lile, na binti huyo alishika namba moja mwisho wa kidato cha tatu na Holo akawa wa pili, kwa hiyo mambo yako wazi. Kwamba utamwondoa Holo Kizwite, utamleta yule mganga anayewachanja wacheza ngoma wako, amchanje na yeye. Na kwamba mwezi ujao, siku ya kushindana na kundi la Mzee Jilala, utamkalisha tena kwenye kiti katikati ya kiwanja, "watu waone kuwa mtoto wa Luhende bado yupo."

Hapo niliiweka barua chini nikatoka nje kuzunguka nyumba.

Sasa nikueleze alichoandika Mama Skola. Yule mama hajalalamika hata kidogo, wala hajui kuwa unamwita mchawi. Ameandika kwa kuogopa, kama mtu anayeomba radhi kwa kuvunja chungu cha jirani. Anasema Holo ana madaftari manne ya Historia, yote yameandikwa jambo moja. Akikosea herufi moja, hafuti. Anachana ukurasa mzima na kuanza upya. Ukurasa wa pili ukitoka na doa la wino, anaanza daftari lote upya. Mama Skola alimwambia, "Mwanangu, futa tu, hata mwalimu hufuta ubaoni." Holo akamjibu, "Mama, mimi kalamu yangu haifuti."

Unayajua maneno hayo, Baba. Ni ya kwako. Ni wimbo wako wa kiangazi kilichopita: "Holo wa Luhende, kalamu yake haifuti." Wewe uliutunga kwa siku moja ukiwa unachunga, ukaona umepata kiitikio kizuri. Mtoto ameugeuza sheria.

Anasema nywele za Holo za juu ya sikio la kushoto zimekwisha. Anazing'oa mwenyewe moja moja anaposoma, bila kujijua. Chakula anasukuma sahani. Ugali wa ulezi aliokuwa akiumaliza na kuomba ukoko sasa anaukata vipande vidogo na kuvipanga. Siku ya mtihani wa majaribio, Skola, ambaye alikaa dawati la nyuma yake, alimwona akiandika sentensi ya kwanza, akaisoma, akaikata, akaandika tena, akaikata, mpaka karatasi ikatoboka. Akaomba karatasi nyingine. Kwenye hiyo nyingine hakuandika kitu. Alikaa ameshika kalamu mpaka kengele. Hivyo ndivyo karatasi zilivyokuwa tupu. Hakuna mtu aliyemfunga mikono kwa dawa.

Siku ya tatu ya mtihani alitoka asubuhi na sare, hakufika shule. Walimtafuta mpaka mchana, wakamkuta mtaa wa Milanzi, amekaa kwenye baraza la duka la mbegu, miguu mitupu, viatu vimepangwa pembeni. Mwenye duka alidhani anamsubiri mtu. Mama Skola alikaa naye pale chini, hakumgombeza. Akamuuliza, "Unataka nini, mwanangu?" Holo akasema, "Natamani siku ya matokeo nisiwepo."

Baba, mimi ni muuguzi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wagonjwa kitandani, na tumefundishwa kutoyapita. Mtoto wa miaka kumi na saba akisema anatamani asiwepo, huendi kuuliza nani kamloga. Unakaa naye, unamsikiliza, unampeleka hospitali. Mama Skola, Mfipa unayemwita adui, alifanya hivyo. Alilala naye chumba kimoja wiki nzima. Ulikuwa wapi? Ulikuwa Mollo unatunga beti mpya za mwezi wa nane.

Na Skola mwenyewe, huyo mshindani wako mkubwa wa miaka kumi na saba, unajua alimwambia nini mama yake? Alisema mtihani wa mwisho atakosea makusudi maswali mawili matatu, ili Holo awe wa kwanza na apone. Huo ndio ulozi wao kwa mtoto wangu, yaani mdogo wangu. Samahani, nimeandika mtoto wangu. Niache hivyo hivyo, sichani ukurasa.

Najua utasema nimekaa nchi za watu, nimesahau kwetu. Sijasahau. Nilikuwepo kiangazi kile nilipokuja likizo, na nitakueleza nilichokiona, kwa sababu inaelekea wewe ulikuwa unaangalia watu, hukumwangalia yeye.

Wewe ni manju, Baba, na ni manju mkubwa. Ngoma zetu za kiangazi nazipenda mpaka leo. Nikisikia ngoma kwenye redio hapa, mabega yanatikisika yenyewe. Makundi mawili yanacheza kiwanja kimoja kwa wakati mmoja, watu wanakwenda wanakopenda, na anayebaki bila watu ndiye aliyeshindwa. Ndiyo maana kila kundi hutafuta kitu cha kuvuta macho. Wengine huleta chatu shingoni. Wengine nungunungu. Mwaka ule Jilala alileta mtu aliyecheza juu ya mkokoteni wa ng'ombe akiwa amebeba plau ya kulimia kwa meno, au alijifanya kuibeba, sijui. Watu wote walihamia kwake. Nikakuona umetoa jasho jembamba.

Ndipo ukaleta kiti. Ukamwita Holo, aliyekuwa amekaa na mimi na Mama tunatafuna michembe ya viazi. Kumbe ulishamwambia avae sare. Ukamkalisha kati ya kiwanja na sketi ya shule na soksi nyeupe, vumbi linaruka, ngoma zinapigwa, ukampa kitabu cha Kiingereza na kumwambia asome kwa sauti. Wengine huleta chatu, Baba. Wewe ulileta mwanao.

Na watu walikuja. Hilo siwezi kukunyima. Walimwacha Jilala na plau yake wakaja wote, Wasukuma na Wafipa, kutazama mtoto wa mfugaji akisoma Kiingereza kama anakunywa maji. Ulipiga magoti. Ulilia. Ulisimama ukaapa mbele ya kiwanja chote kwamba mtoto huyu, aliyeshika namba moja kidato cha pili, hatashika namba mbili maisha yake yote. Na mimi, Baba, nilipiga makofi. Nililia na mimi, kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ulichofanya wewe, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa upande wa kuona uso wake. Kwenye ukurasa wa pili alikwama neno moja. Moja tu. Alilirudia mara tatu halikutoka, akaruka, akaendelea. Wewe hukusikia. Watu wa Jilala walisikia.

Kabla jua halijazama walikuwa na wimbo: "Luhende kaleta ndama, kafika kiwanjani kasahau kulia." Wimbo mzuri, tuseme ukweli, na Jilala anajua kutunga. Wewe uliucheka kwa sababu wewe ni mtu mzima, umetukanwa kwenye nyimbo tangu ujana, na kesho yake mnakunywa pombe pamoja. Ndiyo mila. Anayeingia kiwanjani anajua atatungiwa. Lakini Holo hakuingia kiwanjani, aliingizwa. Na wimbo ule haukubaki kiwanjani. Wachungaji waliuimba njia nzima ya kwenda mjini. Wanafunzi wenzake waliujua kabla shule haijafunguliwa, Wafipa hata wasiojua maana ya maneno yetu wakatafsiriwa neno moja, wakawa wanaimba hilo tu, "ndama, ndama." Mwalimu mmoja wa tuisheni, hawa walioota kila kona siku hizi tangu kila kitu kiwe cha kuuza, alimwita "ndama" darasani watu wacheke, halafu akabandika majina kwa namba nje ya mlango, namba moja juu, na Holo wa pili. Kila anayepita kununua mitumba yake, sijui mkaa wake, anasoma.

Nilikuuliza siku ile ile tukirudi, "Baba, huoni mtoto kanyamaza?" Ukaniambia, "Ana aibu ya ushindi." Nikaamini. Nilikuwa nataka kuamini.

Usidhani sijui ulikotoka. Nakumbuka tulipofika Ufipa na ng'ombe wetu, nikiwa darasa la tano. Nakumbuka walipotushtaki kwamba ng'ombe wameingia mahindi, na wewe ukasimama kwenye ofisi ya kijiji tangu asubuhi, na yule karani anaongea juu ya kichwa chako kana kwamba wewe ni mlango. Nilikuwa nimekushika shati. Ulipotoka ulisema, "Watoto wangu ndio watakaokaa upande ule wa meza." Nilikupenda sana siku hiyo. Na ulitimiza. Uliuza ng'ombe wakati wenzako wanakucheka kwamba unamsomesha mwanamke. Hakuna mzazi Mollo nzima aliyefanya ulichofanya, na nitasema hivyo popote.

Lakini baadaye ulianza ile kauli yako: "Sisi hapa ni wageni. Namba mbili kwetu ni sawa na namba ya mwisho." Ulinilisha mimi kauli hiyo tangu darasa la sita, asubuhi na jioni, kama uji. Mtoto wa Mfipa akiwa wa nane, baba yake anamnunulia soda, wanakwenda nyumbani. Mimi nikiwa wa pili, ulikaa kimya siku tatu. Hukunipiga kamwe, Baba, na najua unajisifia kwa hilo. Ungenipiga yangeisha siku ile ile.

Sasa nifike kwenye kulala. Mwaka huu mwanzoni niliwaandikia kwamba niko kozi, wiki tatu, ndiyo maana barua zimechelewa. Wewe ukajibu kwa furaha kwamba kozi hiyo umeshaitia kwenye wimbo wa mwezi wa nane, kwamba Kabula wa Luhende anaongezwa elimu na mabingwa wa Botswana. Baba, sikuwa kozi. Nilikuwa hospitali, na sikuwa na gauni la uuguzi. Nilikuwa na gauni la mgonjwa.

Nitakueleza kwa ufupi. Siku moja niliandika namba ya kitanda vibaya kwenye kadi. Niliandika saba badala ya sita. Mwenzangu akaiona dakika hiyo hiyo, akaisahihisha, hakuna mgonjwa aliyedhurika, hakuna aliyenigombeza. Ila mimi moyo ulikataa. Nikawa nahesabu vidonge kwenye toroli mara mbili, halafu mara tano, halafu mara kumi. Nikimaliza zamu nafika nyumbani, nageuza, narudi kwa miguu kuangalia kadi za vitanda vyote. Watu wa hapa wana jina lao la kutuita sisi wageni, silitamki, na kila nilipolisikia kwenye foleni ya mkate nilijiambia, ukikosea mara moja tu, watakurudisha, na Baba atakaa kimya siku tatu. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa naogopa ukimya wako kutoka nchi mbili mbali.

Nikaacha kulala. Siku ya tisa au ya kumi nilikutwa nimekaa sakafuni kwenye chumba cha dawa, nimevimwaga vidonge vyote navipanga kwa rangi, nalia. Matroni wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kutisha ambaye wote tunamkimbia, alikaa na mimi sakafuni. Akaniuliza, "Nani amekuambia utafukuzwa?" Hakuna aliyewahi kuniambia. Alinipeleka mwenyewe wodi ile ya upande wa pili wa uwanja, kwa daktari wa magonjwa ya akili. Ndiyo, Baba, soma hivyo hivyo, magonjwa ya akili. Nilipewa dawa za kulala, nikalala siku mbili. Halafu kila asubuhi nikawa nazungumza na daktari, mama wa makamo, naye anasikiliza tu. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Naendelea vizuri kuliko wengine?" Alicheka mpaka akavua miwani. Sasa niko sawa. Nimerudi kazini, nahesabu vidonge mara mbili kama kila mtu, nakwenda nyumbani.

Hakuna Mfipa aliyenichezea Gaborone. Hakuna Mfipa Gaborone. Mganga wako angemtaja nani hapa?

Tulichougua mimi na Holo ni kitu kimoja, na kimetoka nyumba moja. Sisemi ulikusudia. Lakini nimechoka kusikia kila kitu kibaya kinatoka kwa jirani. Unamwona Holo kama kundi lako la ngoma, kwamba akiongezewa dawa na kelele atavuta watu. Mtoto si kundi. Akipoteza kiwanja hawezi kwenda kunywa pombe na Jilala na kurudi mwakani.

Kwa hiyo nasema yafuatayo, na nayasema kwa heshima zote, ila siyarudishi nyuma. Holo akae hapo hapo kwa Mama Skola. Mganga asimguse kwa wembe. Mama Skola ampeleke hospitali ya mkoa. Nimeandika barua ya kumpa daktari wa huko, ipo ndani ya bahasha ya Mama Skola, nimeeleza kila kitu kwa lugha yao. Mkuu wa shule naye nimemwandikia kwamba mtoto ni mgonjwa. Kama mwezi wa kumi hatakuwa tayari kwa mtihani, hatafanya, atafanya mwakani, au mwaka wa kesho kutwa, na dunia ya Mollo haitapinduka. Akipata daraja la tatu, atapata daraja la tatu. Akitaka kuwa fundi cherehani, ana mikono mizuri.

Na wewe nenda Kizwite ukamwone. Usimtume Masanja, mwanao wa kiume hajui hata aanzie wapi. Nenda mwenyewe, kwa baiskeli yako, bila zawadi. Ukifika kwa Mama Skola, mwamkie vizuri, kula atakachokupa. Ukikaa na Holo usimuulize masomo. Muulize amekula nini. Muulize habari za yule ndama mwenye doa aliyemzoea, mweleze amekua kiasi gani. Ukishindwa la kusema, nyamaza, ila ukimya wa kukaa naye, si ule wako wa siku tatu. Yeye anaijua tofauti yake. Mimi pia naijua.

Mama nisalimie sana. Mwambie namlaumu kidogo kwa kukaa kimya kiwanjani, halafu mwambie namlaumu kidogo tu, kwa sababu na mimi nilikaa pembeni yake. Msalimie Bibi aliyetulea, umwambie shuka lake nimelipata na ndilo ninalojifunika. Msalimie Masanja na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona. Kama ameanza kutembea mwacheni aanguke. Msalimie hata Mzee Jilala, mpinzani wako. Mwambie wimbo wake wa ndama ni mzuri, na kwamba nitamshukuru akiufuta kwa ajili ya mtoto. Nadhani ataufuta. Yeye ana binti pia.

Mwisho, jambo hili ulijue mapema ili usije ukasema nilikuvizia. Nimeomba likizo na nimepewa. Nitapita Lusaka, nitashuka Tunduma, na siku ya ngoma nitakuwa Mollo kabla ya mapambo kuvaliwa. Naomba nikute kiwanja kina ngoma tu, nicheze na wewe mpaka miguu ivimbe, kwa sababu nimekukumbuka, Baba, nimekukumbuka kuliko hasira hii inavyoonyesha. Lakini nikikuta mmeweka kiti, nitakikalia mimi. Nitavaa gauni lile la wagonjwa, matroni amekubali kuniazima. Umati ukishajaa na ngoma zikinyamaza, nitawaeleza wote, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili ili Wafipa wasikose neno, ile kozi yangu ya wiki tatu niliifanyia wapi. Wimbo wake utautunga wewe.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,
Kabula.